"Shade" au "shadow"?

Dada, umeuliza kwa nini umesahihishwa ulipoandika "we sat in the shadow" ukimaanisha mlikaa kivulini. Shida inatoka kwetu: Kiswahili kina kivuli kimoja kwa vyote viwili.

"Shade" ni mahali ambapo jua halifiki, pa kukimbilia joto likizidi. Umbo lake halina maana yoyote. "Shadow" ni lile umbo jeusi linaloangukia chini au ukutani baada ya kitu kuzuia mwanga. Lina kingo, unaweza hata kulichora. Simama nje saa kumi na moja jioni, ulipe jua mgongo: hilo umbo refu lililokutangulia ni "shadow" yako. Ukijibanza chini ya mti upate ubaridi, uko kwenye "shade". Mimi hujiuliza tu, "umbo la nani hili?" Jibu likiwepo, naandika "shadow".

Sarufi nayo inasaidia. "Shadow" huhesabika, "shade" ya jua kwa kawaida haihesabiki. Ukisema "two shades" msomaji atadhani unazungumzia rangi mbili zilizopishana ukolevu, au miwani ya jua (hapo ndipo tunapochekwa!).

Na maneno yote mawili yametokana na neno moja la Kiingereza cha kale, "sceadu", kwa hiyo mipaka yao si ukuta. "In the shadow of the building" ni sahihi kabisa: jengo limetajwa, na umbo lake limelala pale chini.