Waranti ya droni iliyokataliwa: anza na sekunde kumi za mwisho kwenye logi

Mkuu, nimekuelewa hivi: droni ina miezi minne tangu uinunue, ilikuwa imesimama hewani ikaanguka, ukaipeleka kwa wakala, ukajibiwa kwamba ni kosa la mrushaji na ukitaka itengenezwe utoe hela. Unauliza kama kuna namna ya kupinga.

Ipo. Lakini yote inasimama kwenye jambo moja: logi (rekodi ya safari inayojiandika yenyewe kwenye droni na kwenye simu) ionyeshe kwamba droni ilifanya kitu ambacho hukuiamuru, na kwamba hapakuwa na sababu ya nje iliyoisukuma. Kusema umerusha miaka mingi, au kwamba jirani aliona, hakumsumbui mtu aliyekaa na grafu mezani. Nitatumia mifano ya droni za kampuni ya DJI kwa sababu ndizo zilizojaa, ila mantiki ni ileile kwa nyingine.

Kabla ya barua yoyote, linda ushahidi. Usiiwashe tena "kuona kama inawaka". Kila ukiiwasha, rekodi mpya inafunguliwa ndani ya ndege, na kumbukumbu ikijaa za zamani ndizo zinafutwa. Usisasishe mfumo wake. Na hili linawaangusha wengi: usifute programu ya DJI Fly kwenye simu ya Android ukidhani utaipakua upya, kwa sababu folda ya logi inaondoka pamoja nayo. Usikaze skrubu, usitoe vipande vya propela, usipeleke kwa fundi wa mtaani "aangalie kidogo". Ikifunguliwa na mtu asiye wa kampuni, umewapa sababu ya kukataa ambayo hata mimi ningeikubali.

Piga picha za kila mkono wa droni kwa karibu: propela zilipovunjika, skrubu zake, mota (izungushe taratibu kwa kidole, rekodi video na sauti yake), kitasa cha betri, na namba za utambulisho (serial number) za mwili, betri na rimoti. Kama betri bado imekaa mahali pake, ipige picha kabla hujaichomoa. Betri isiyobana sawasawa ni hoja wanayoipenda sana, na picha ya kitasa kilichofungwa inaidhoofisha mapema.

Sasa logi. Kwenye Android iko Android > data > dji.go.v5 > files > FlightRecord. Simu mpya huficha folda hiyo, kwa hiyo chomeka waya kwenye kompyuta. iPhone ingia kwenye programu ya faili, kisha folda ya DJI Fly, kisha folda inayoanza na FlightRecord. Rimoti yenye kioo chake mwenyewe inasomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB-C, njia ni ileile ya Android. Unatafuta faili linaloanza na DJIFlightRecord likifuatiwa na tarehe na saa, mwisho wake .txt. Nakili folda nzima pamoja na MCDatFlightRecords iliyomo ndani, weka sehemu mbili, na nakala halisi usiiguse wala kuibadili jina. Ukilifungua faili kama maandishi ya kawaida utaona takataka tupu, limefungwa kwa msimbo. Lipandishe kwenye tovuti ya kusoma logi kama Airdata au kisomaji cha PhantomHelp, kisha pakua jedwali la CSV. Angalia vizio: mara nyingi urefu huja kwa futi na kasi kwa maili. Gawa futi kwa 3.28 upate mita, usije ukaandika barua yenye droni iliyokuwa juu mara tatu ya ukweli.

Logi hii huandika takriban mistari kumi kwa sekunde. Nenda sekunde kumi za mwisho uweke safu hizi bega kwa bega: RC.aileron, RC.elevator, RC.throttle na RC.rudder (stiki zako), OSD.pitch, OSD.roll na OSD.yaw (mwili ulivyoinama na kugeuka); OSD.height, kasi ya mlalo na ya wima, OSD.flycState (hali ya kuruka), volti za kila seli, na APP.tip na APP.warning ambamo maonyo hukaa. Stiki ikiwa katikati husomeka 1024. Miisho yake ni 364 na 1684. Visomaji vingine huonyesha asilimia badala yake.

Mfano wa mistari inayobeba hoja, namba ni za kuonyesha tu: dakika ya 6, sekunde 41.2, stiki zote nne 1024, urefu mita 38, mwili umeinama digrii 2. Sekunde 41.4, stiki bado 1024, mwili digrii 31 ubavuni. Sekunde 41.7, digrii 90 na zaidi, pua inazunguka, urefu unashuka. Hapo amri haijabadilika na mwili umebadilika. Droni ya mota nne ikipoteza msukumo wa kona moja huinamia kona hiyo na kuanza kuzunguka, kwa hiyo linganisha upande ilioinamia na mota au propela iliyoharibika kwenye picha zako. Vikilingana, andika hivyo wazi.

Angalia pia kasi ya kushuka. Droni ndogo nyingi programu yake hairuhusu kushuka zaidi ya mita 3 hadi 6 kwa sekunde. Ukiona 9, 12, 15, hiyo haishuki, inaanguka. Kitu kinachoanguka bure hupita karibu mita 20 katika sekunde mbili za kwanza.

Kampuni itajibu kwamba iligonga kitu, na kesi nyingi huamuliwa hapa. Kugonga kuna alama yake: kasi ya mlalo inakatika ghafla wakati uleule mwili unapopinduka. Mota au propela ikifeli hewani, mwili unapinduka kwanza na kasi ya mlalo inaendelea kidogo kabla ya kupotea. Kama ilikuwa imesimama kabisa alama hiyo haisaidii, maana hapakuwa na kasi ya kukatika. Basi chukua koordinati za mstari wa mwisho kabla ya kupinduka, ziweke kwenye picha ya setilaiti, kisha nenda mwenyewe ukapige picha pande nne. Kama mti, waya au mnara wa karibu uko mita 25 mbali, sema hivyo na uambatishe. Kama kuna tawi mita mbili, usipoteze muda.

Video nayo ni shahidi. Umeme ukikatika ghafla, faili la mwisho kwenye kadi halifungwi na halichezi. Usilirudishe kwenye droni ili ilitengeneze. Tengeneza nakala kamili ya kadi kwenye kompyuta, kisha tumia programu kama untrunc ukiipa video nzima ya droni ileile iwe kielelezo. Simu pia huwa na nakala ya ubora wa chini ya ulichokuwa unakiona kwenye kioo, kama hukuzima hifadhi hiyo.

Logi inayoishia juu hewani ni ngumu zaidi. Inaweza kuwa umeme umekatika, inaweza kuwa mawimbi tu yamepotea nyuma ya jengo na droni ikaendelea kuruka. Tazama nguvu ya mawimbi mistari ya mwisho. Ikiwa imara na droni iko mbele ya macho yako, shaka inaelekea kwenye umeme. Yakiwa yanadhoofika sekunde baada ya sekunde, hoja yako ni dhaifu. Kwenye betri tazama seli moja moja: tofauti ya zaidi ya volti 0.1 kati ya seli, hasa inayojirudia safari nyingi kabla ya ajali, ni dalili ya seli mbovu. Ndiyo maana nilisema nakili folda nzima. Betri lakini ina masharti yake ya waranti, na kwa modeli nyingi kuna kikomo cha mizunguko 200 ya kuchaji.

Kuna kesi ambazo ningekushauri uziache. Droni iliyorudi nyumbani yenyewe ikagonga mti kwa sababu urefu wa kurudi ulikuwa chini ya mti. Iliyogonga ikiwa kwenye hali ya Sport (ya mwendo kasi), maana hapo vihisi vya vizuizi havifanyi kazi. Iliyogonga waya mwembamba au kioo. Kitabu cha maelekezo kinasema vihisi havioni vitu hivyo vizuri. Propela za bei poa zisizo za kampuni, au iliyofunguliwa kikomo cha urefu kwa programu za pembeni. Na upepo: DJI Mini 3 imepewa uwezo wa kuhimili mita 10.7 kwa sekunde, na ufukweni wakati wa kusi, juu ya mita 80, unaweza kuzidi hapo huku chini mnaona majani yanatikisika tu. Kwenye logi inaonekana mwili umeinama hadi mwisho wa uwezo wake kuelekea nyumbani huku unarudishwa nyuma. Dira iliyovurugwa kwa kurushia juu ya slabu yenye nondo au boneti ya gari nayo wataiita mazingira, na watakuwa na hoja.

Ukiona bado una kesi, omba kwanza ripoti yao ya uchambuzi wa data kwa maandishi. Kukataliwa kwa simu hakuna thamani. Uliza mambo matatu: ni sekunde ipi ya safari wanadai kosa lilitokea, ni amri gani ya stiki wanaiita kosa, na ni kipengele gani cha sera wanakitumia. Hapa soma sera vizuri. Waranti ya DJI haiondoi kila ajali. Inaondoa ajali iliyosababishwa na mambo yasiyo ya kiwandani, kosa la mrushaji likiwemo. Neno "imeanguka" peke yake halitoshi kukataa, lazima waseme imeanguka kwa nini.

Barua yako isizidi ukurasa mmoja. Namba ya utambulisho, tarehe ya risiti, namba ya kesi, halafu kiini: "Kuanzia dakika 6 sekunde 41.2 hadi 43.0 stiki zote zilikuwa katikati. Katika muda huo mwili uliinama kutoka digrii 2 hadi zaidi ya 90 na kasi ya kushuka ikapita mita 9 kwa sekunde. Kizuizi cha karibu kipo mita 25. Naomba faili la ndani ya ndege lichambuliwe na mchambuzi mwingine, na nipewe matokeo ya kasi ya kila mota." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye meno. Rekodi ya mota iko kwenye faili la ndani ya ndege, ambalo wewe huwezi kulifungua na wao wanaweza. Ambatisha CSV ya sekunde hizo tu, faili zima la logi, na picha. Usitukane na usitishie gazeti.

Wakikuletea bei ya matengenezo usilipe ukiwa bado unabisha. Sehemu iliyobadilishwa hubaki kwao, na mota iliyofeli ikishabaki kwao huna tena cha kuonyesha. Aidha omba droni irudishwe kama ilivyo, au wakubali kwa maandishi kuitunza mpaka mgogoro uishe. Kama ulinunua Care Refresh (mpango wa DJI wa kufidia ajali), piga hesabu kwanza: ile hufunika hata kosa lako, kwa ada. Ada ikiwa ndogo kuliko usumbufu, itumie uendelee na maisha.

Tatizo la droni za Kariakoo, Dar es Salaam, ni jingine. Droni nyingi zimeingia kupitia Dubai, na waranti ya kampuni hufuata eneo ilikouzwa. Wakikujibu hivyo, geukia muuza duka, kwa sababu mkataba wako ni wake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, ina masharti yanayochukuliwa kuwemo kwenye mauzo kuhusu ubora wa bidhaa na kufaa kwake kwa kazi, na kuishiwa waranti ya kiwandani hakuyafuti. Kama una risiti ya EFD (mashine ya kodi) uko vizuri. Kama alikuandikia karatasi ya daftari, angalau iwe na jina la duka na namba ya utambulisho ya droni.

Duka likigoma, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 ambayo inamlinda pia mlaji. Njia nyingine ni Mahakama ya Mwanzo, inayosikiliza madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa Kiswahili, na wakili si lazima. Logi inapokelewa kama ushahidi wa kielektroniki chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, lakini uzito wake unategemea ilivyotunzwa, ndiyo sababu ya ile nakala isiyoguswa. Jiandae kuulizwa kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kukosa kibali hakuifanyi mota ife, ila mbele ya hakimu unaanza vibaya. Walioko Kenya wana Mahakama ya Madai Madogo, kikomo shilingi milioni moja ya huko, na sheria inataka shauri liishe ndani ya siku 60.

Jambo la mwisho ni betri. Betri ya lithiamu iliyovimba au kubondeka hairuhusiwi kusafirishwa kwa ndege, kwa hiyo ukiambiwa utume droni nje ya nchi, betri itabaki. Waulize kwa barua pepe kama wanaihitaji kwa uchunguzi, ipigwe picha na namba yake, halafu ihifadhi nje ya nyumba ndani ya ndoo ya mchanga mkavu mpaka wakujibu.