Unga wa uji wa watoto: kabla hamjakopa kununua mashine ya kusaga

Dada wa Ndosho, swali lako nimelisoma mara mbili. Unatengeneza unga wa uji wa watoto hapo Goma, majirani wanamaliza pakiti kama 20 kwa wiki, na baba watoto anataka mkope mnunue mashine ya kusaga. Unauliza kama wakati umefika. Mimi niko Kadutu, Bukavu. Kazi hiyo hiyo inalisha nyumba yetu tangu 2016: mimi, mume wangu, binti yetu mkubwa na mama mkwe wangu. Naona wakati haujafika, na nakuomba umsomee baba watoto jibu hili kabla hamjagusa hizo pesa.

Sisi tulifika hapo hapo mwaka 2018. Mume wangu alishaiona mashine na bei walishapatana. Mama mkwe akamwambia neno moja tu: kesho nenda usage ukiwa na saa mkononi. Akaenda na kilo 40 kwenye mashine ya mtaa, zikaisha ndani ya nusu saa. Wakati huo tulikuwa tunasaga mara nne kwa mwezi. Maana yake mashine yetu ingefanya kazi saa mbili kwa mwezi mzima, siku nyingine zote ilale, na deni halilali. Hapo bado hujaweka umeme unaokatika siku tatu na mafuta ya kununua badala yake.

Kusaga hakukuwa ndiko kunakotuchelewesha. Tulikuwa tunachelewa kwenye kuchagua mawe, kuosha, kukausha, na zaidi ya yote kukaanga soya.

Mchanganyiko wetu ni ule watu wengi huku wanauita masoso: mahindi sehemu mbili, soya moja, mtama moja. Mahindi na mtama havisumbui sana. Soya ndiyo inayoamua. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na moto ndio unaokiua. Ukikaanga nusu nusu, mtoto anashiba bila kufaidika, tena tumbo linamsumbua. Mimi nakaanga kilo mbili mbili kwenye sufuria pana, moto wa makala (mkaa) usiwe mkali, mwiko usisimame. Mwanzo harufu ni ya majani mabichi. Halafu maganda yanaanza kupasuka, unayasikia. Hapo toa punje moja, ipoe, isugue kwa vidole viwili. Lazima igawanyike yenyewe, na ndani iwe kahawia nyepesi mpaka katikati. Ukiona katikati bado kuna njano, rudisha jikoni. Ukiiuma ikanata kwenye jino badala ya kuvunjika, rudisha vilevile. Hii kazi simwachii mtu ambaye hajakaanga pembeni yangu mwezi mzima, hata akiwa ndugu.

Najua ninachosema kwa sababu nilikosea. Mwaka 2019 butiki moja upande wa Nyawera iliagiza kilo 60 kwa Jumamosi. Kwetu ilikuwa nyingi kupita yote tuliyowahi kuuza kwa siku moja. Tukawasha moto mkali, tukakaanga kilo tano kwa mara moja, nje ikawa kahawia vizuri. Mimi mwenyewe nilipasua punje, nikaona njano ndani, nikaacha ipite kwa kuwa saa zilikuwa zimekwenda. Wiki iliyofuata mama watatu walikuja, watoto wao wanahara. Mmoja hakusema neno, aliweka tu pakiti juu ya meza yangu akaondoka na mtoto mgongoni. Tulirudisha pesa zote, tukaenda kuchukua unga uliobaki butikini, tukautupa. Watoto walipona, namshukuru Mungu. Yule mama wa pakiti alichukua miezi mitano kurudi, na mpaka leo nikipasua punje ninamkumbuka yeye.

Jambo la pili ni mashine ya mtaa yenyewe, maana utaendelea kuitegemea. Muulize mwenye mashine amesaga nini kabla yako. Kwetu wanasaga mihogo, na siku nyingine sambaza zilizokauka, wale samaki wadogo wa ziwani. Ukiingiza soya yako baada ya sambaza, uji wote unanuka samaki, na hujui hao samaki walikaa wapi. Sisi tunafika wa kwanza asubuhi, mashine ikiwa imefagiliwa, na tunatanguliza kilo moja ya mahindi ya kuisafisha. Hiyo kilo hatuiuzi, inakuwa bugali ya nyumbani. Mwenye mashine alikuwa ananuna mwanzoni, sasa ananifungulia mapema.

Lakini hilo bado ni la ndani ya nyumba. Kilichonifungua macho kuhusu kukua ni daftari langu. Mteja wa biashara hii ni mtoto, na mtoto anakua. Anaanza uji akitimiza miezi 6, na akikaribia miaka miwili anakula bugali na sombe na wenzake, mama yake hakuhitaji tena. Mwishoni mwa 2019 nilihesabu mama 40 walioanza nasi mwaka mmoja na nusu nyuma: waliokuwa bado wananunua walikuwa 6, na hao 6 walikuwa wameshazaa mwingine. Hakuna aliyekasirika. Watoto walikuwa wamekua tu. Ukikaa na majirani wale wale, hata wakupende vipi, mwakani utabaki na wachache tu. Mashine haitakuletea mama mpya hata mmoja. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi mimi nahesabu kwanza wapya wangapi wameingia, ndipo nahesabu pesa.

Wapya wetu wengi wanatoka siku za kupima watoto kwenye kituo cha afya. Usiende kusimama mlangoni na mfuko kama muuza maandazi, muuguzi atakufukuza na atakuwa na haki. Mimi nilikwenda kwa muuguzi mkuu na kilo mbili za unga na orodha ya vilivyomo, nikaomba ruhusa ya kupika. Alinikubalia baada ya wiki tatu. Nilipika sufuria moja mbele ya mama, nikawaonyesha uji mzito unaokaa kwenye kijiko, maana wengi wanapika maji yenye rangi ya unga. Wakaonja, watoto wakaonja. Na nilisema kwa sauti kile kinachoniondolea wateja: mtoto chini ya miezi 6 ni ziwa la mama peke yake, msininunulie. Wale mama walioambiwa warudi baadaye walirudi kweli, tena na dada zao.

Hapa nina ombi kwako na kwa wote wanaouza unga huu. Usiandike kwenye pakiti kwamba unga unaponya bwaki, ule utapiamlo mkali wa watoto. Sisi watu wa Kivu tunaujua huo ugonjwa, tumeona majirani wakizika. Mtoto aliyevimba miguu na nywele zimebadilika rangi hahitaji unga wangu, anahitaji kupelekwa kituoni siku hiyo hiyo. Mama akikuamini wewe akachelewa wiki mbili, hizo wiki mbili hutazirudisha.

Kuhusu bei nitasema kwa ufupi. Acha kupima kwa kopo la Guigoz, lile la maziwa ya unga. Mkono wa binti yangu unajaza kilima, wa mama mkwe unakata kwa usawa, na kila mama anajua aende kwa nani. Nunua mizani. Halafu pima pia hasara: kwetu kilo 25 za nafaka zikishachaguliwa na kukaangwa, unabaki na kilo 21 za unga. Hizo kilo nne, makala, maji, usafiri wa gunia na kazi ya mama mkwe viingie kwenye bei. Ndiyo, mlipe mama mkwe. Wetu tulimlipa kuanzia mwaka wa tatu, franga kidogo kila Jumamosi, na ndipo nilipojua tulikuwa tunauza kwa hasara miaka miwili. Butiki nazo, kila moja ilipe mzigo wa kwanza ndipo ichukue wa pili, hata kama mwenyewe mnasali naye kanisa moja.

Pakiti tunaandika tarehe ya kusaga na miezi miwili ya kutumia, kwa kuwa soya ina mafuta na unga wake unachacha. Ukitaka kuvusha Gisenyi, upande wa Rwanda, siku moja, funga kwa karatasi tangu sasa. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki tangu 2008 na mpakani hawakubembelezi.

Na deni. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu na benki zikafunga milango, nyinyi Goma mlikuwa mmeshayaona hayo tangu Januari. Nawajua watu wawili wa mtaani kwetu waliokuwa na mkopo wa vifaa. Kazi ilisimama, waliowakopesha hawakusimama. Sisi akiba yetu ilikuwa magunia manne ya mahindi ndani ya chumba cha kulala. Tulisaga kidogo kidogo, tukauza nusu kilo nusu kilo kwa waliokuwa na franga mia chache mfukoni, na watoto wa mtaa wakapata uji.

Kwa hiyo zamu yako ya likelemba (pesa mnazochangiana na kupokea kwa zamu) ikifika, fanya hivi: mizani, sufuria pana mbili, turubai safi la kukaushia lililo juu ya meza mbali na kuku. Kinachobaki kiweke mpaka kiangazi, Julai, mahindi ya msimu yakishavunwa na jua likiwepo la kukausha vizuri, ununue magunia uyaweke juu ya mbao, yasiguse ukuta. Mashine ya mtaa mtailipa kwa kilo, kama tunavyoilipa sisi mpaka leo.