Mimi Nilitoa Jua

Swali lenu la wiki hii: "Karata ya taroti iitwayo Mnara huashiria msukosuko wa ghafla. Umewahi kuangukiwa na mnara? Unadhani karata hiyo inasema nini?" Najibu kwa sababu niliiona karata yenyewe, moja ya zile za kupigia ramli, kwa mwanga wa tochi ya kichwani.

Februari 2020 nilikuwa mpishi wa safari. Usiku huo tulilala kambi ya Simba, juu kule ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, baridi ya kuoshea masufuria umevaa makoti mawili. Mgeni wetu mmoja, dada wa Kijerumani, akatandaza kitambaa mezani na kuanza kupanga karata. Nikadhani ni karata tatu, ule mchezo wa matapeli, nikashika pochi yangu. Aliyekulia jirani na stendi atanielewa. Dereva akanicheka, lakini kumbe sikuwa nimepotea sana: dada akatueleza kwamba karata hizo 78 zilianza kama mchezo tu, huko Italia karne ya 15. Mambo ya ramli yalishika kasi Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18.

Tukaambiwa kila mmoja achomoe moja. Dereva akatoa Mnara, namba 16. Kitita cha dada ni kile kilichochorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa London mwaka 1909, na mchoraji huyo hakuwa na mzaha. Mnara umesimama juu ya jabali, anga nyeusi, radi imeupiga kileleni na kulirusha taji lililoufunika. Moto unatoka madirishani. Watu wawili wanaporomoka, mmoja amevaa taji, mwingine hana.

Dada akafasiri kwa upole: mnara ni kile ulichokijenga kwa kiburi au kwa kujidanganya, na radi ni ukweli unaokuja bila hodi. Dereva akanyamaza. Mimi nikatoa Jua, mtoto juu ya farasi mweupe na alizeti nyuma yake, nikapigiwa makofi.

Machi 16 ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini amepatikana, na yuko hapahapa Arusha. Kufika katikati ya Aprili ndege za abiria kutoka nje zilikuwa zimesimamishwa. Zilipofunguliwa Mei 18 anga ilikuwa wazi, ila wageni hawakuwepo. Bosi alitutumia ujumbe mmoja wa simu: tusubiri hali itengemae. Mshahara haukutajwa. Mwenye Mnara na mwenye Jua tukawa nyumbani wiki moja, yeye Sakina, mimi Ngarenaro.

Kwa hiyo habari ya karata kutabiri naiweka kando. Kinachonikera ni ile tafsiri. Nimeigeuza kichwani miaka yote hii, na naona imetungwa na mtu anayemtazama mwenye taji. Bosi wetu, sawa: magari manne kwa mkopo wa benki, akitegemea kwamba kila msimu utazidi uliopita. Benki ilipoyachukua mawili, ungeweza kumwambia habari za kiburi, ingawa mimi nisingethubutu, maana alilia mbele yetu. Lakini yule mwingine pichani, asiye na taji, alijidanganya nini? Huenda alikuwa jikoni anakatakata vitunguu. Mnara haukuwa wake, alikuwa na kazi humo tu, na radi haikuuliza nani alijenga.

Ningekuwa mimi ndiye ninayefasiri, ningeanzia kwake. Ningemuuliza anayeichomoa: kwenye huo mnara wewe ni nani, mwenyewe au mpishi? Mwenyewe ana la kujifunza kuhusu msingi. Mpishi anahitaji kujua ataangukia wapi.

Mimi niliangukia soko la Kilombero, hapahapa Arusha. Nilianza na sufuria moja ya supu na chapati za kuhesabu, saa kumi na moja alfajiri, wapakuaji wa mizigo wakiwa ndio wateja wangu. Wapo walionicheka, mpishi wa Wazungu amekuwa mama ntilie mwenye ndevu. Sasa nina meza tatu na kijana wa kunisaidia.

Dereva amerudi barabarani, kampuni nyingine. Akiwa mjini hupita asubuhi kunywa supu, anafungua mlango wa gari na kuniita kwa sauti soko zima lisikie: "Oya, Jua!" Namjibu, "Karibu, Mnara." Wateja wanadhani ni majina ya utani ya utotoni.

Msomaji wenu, Ngarenaro, Arusha