Maswali ya Wasomaji: Pedi za Kufua, Kutoka Cherehani Hadi Kambani

Barua kuhusu taulo za kike za kushona nyumbani zimekuwa nyingi mwezi huu kuliko nafasi tuliyonayo. Zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Nataka kuwashonea binti zangu wawili pedi za kufua. Kariakoo kila muuzaji anasema kitambaa chake ni pamba tupu. Nimwamini nani, na ninunue kiasi gani?
Mama, Tabata

JIBU: Usimwamini yeyote, mama, amini kiberiti. Chomoa nyuzi mbili tatu za ukingoni uzichome. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na huacha jivu laini linalopukutika. Poliesta huyeyuka, hujikunja, na ikipoa hubaki kipunje kigumu. Vitenge vingi vya bei nafuu vitakufanyia hivyo, hata viwe vizuri kiasi gani machoni. Jaribio la kudondosha maji dukani linadanganya, maana khanga mpya ina wanga wa kiwandani na maji huteleza juu yake hata ikiwa pamba safi.

Pedi ina sehemu tatu. Juu, panapogusa mwili, khanga ya pamba iliyokwisha kufuliwa inatosha. Katikati ndipo panaponyonya: weka flaneli, kile kitambaa chenye manyoya mafupi kinachoshonewa nguo za vichanga. Hapa mitumba ya Karume inalishinda duka, kwa kuwa shuka la flaneli lililotumika limeshamaliza kurudi, yaani kupungua kwa kufuliwa. Lichemshe tu kwanza. Taulo pia linafaa, mradi liwe na vinyweleo vyake. Lililoota upara halinyonyi kitu. Chini ni kizuizi: PUL, ile poliesta nyembamba yenye utando usiopitisha maji upande mmoja, inayotumika kwenye nepi za kufua. Ukiikosa, kitambaa cha mwavuli uliovunjika kinasaidia kwa muda. Nailoni ya meza hapana. Inachacharika mtu akitembea, haipitishi hewa, na kwa joto letu hili binti atawashwa.

Kwa pedi 16, nane kila binti, zenye urefu wa sm 25 zikimalizika, unahitaji khanga moja (nusu ya doti), flaneli sm 80 yenye upana wa sm 150, na PUL sm 85 ya upana huohuo. Fua khanga na flaneli kwa maji ya moto, kausha, ndipo ukate. Ukikata kwanza, pamba itarudi na PUL haitarudi, utabaki na kitu kilichojikunja kama bamia kavu.

SWALI: Shikamoo dada. Bibi ameniachia cherehani nyeusi ya mkono, inashona mshono ulionyooka tu. Watu wananiambia bila zigizaga au ovaloki siwezi kushona pedi. Ni kweli?
Binti, Mbagala

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Si kweli. Pedi hii hugeuzwa ndani nje, kwa hiyo kingo zote hufichwa na hakuna cha kufumuka.

Chora paterni kwenye karatasi ya kaki: mwili wenye urefu wa sm 27 na upana wa sm 9, ncha zote mbili ziwe za mviringo. Katikati toa mabawa mawili ya kukunjwa chini ya chupi, ncha hadi ncha sm 19. Vipimo hivyo vina sm 1 ya mshono kila upande. Kata kipande kimoja cha khanga na kimoja cha PUL. Kisha kata vipande vinne vya flaneli vya sm 22 kwa 6, uvizungushe ncha.

Panga flaneli zote nne katikati ya upande wa ndani wa khanga, uzishone kuzunguka, nusu sentimita kutoka ukingoni. Zishonwe kwenye khanga peke yake. PUL bado iko pembeni. Tumia sindano namba 14, uzi wa poliesta, na hatua ya mshono ya mm 3. Hatua ndogo hutoboa kitambaa mno.

Sasa laza khanga juu ya PUL, uso wa khanga uguse upande wa kitambaa wa PUL; upande wa utando ubaki nje. Ukigeuza baadaye, utando utaingia ndani penye flaneli, ndipo mahali pake. Usipige pini katikati, kila tundu ni mlango wa kuvuja. Bana na vibanio vya kuanikia nguo. Kwenye ncha za mabawa ingiza kiraka kidogo cha flaneli pale vifungo vitakapokaa, la sivyo kifungo kitang'oka na nyama yake. Shona kuzunguka sm 1 kutoka ukingoni, ukiacha mwanya wa sm 6 kwenye ubavu ulionyooka. Watu wengi huuacha mwanya kwenye kona ya bawa, kisha wanahangaika kuufunga. Utando ukinata kwenye mguu wa cherehani, weka ukanda wa karatasi katikati, ushone nao, uuchane baadaye.

Kabla ya kugeuza, chanja kidogo kwa mkasi kwenye makwapa ya mabawa, pale bawa linapoungana na mwili, uishie mm 2 kabla ya mshono. Ukiruka hatua hii bawa halitalala hata ulipige pasi namna gani. Geuza, sukuma kona kwa mpini wa mwiko, piga pasi ya vuguvugu upande wa khanga tu. Malizia kwa mshono wa juu kuzunguka pedi nzima, mm 3 kutoka ukingoni. Huohuo ndio unaofunga mwanya.

Vifungo vya kubana, vya jike na dume, vinahitaji hesabu ndogo. Pedi ikifungwa, upana wake ni jumla ya umbali wa kila kifungo kutoka bawa linapokunjwa. Ukitaka sm 7, weka kila kifungo sm 3.5 kutoka kwenye mkunjo. Dume akae upande wa khanga wa bawa moja, jike upande wa PUL wa bawa la pili. Ukiviweka vyote upande mmoja havitakutana.

SWALI: Mimi ni fundi. Nashona pedi za kuuza, naweka flaneli sita na kupiga mistari mitatu katikati ili zisihame. Wateja wanarudisha, wanasema zinavuja. Nikaongeza flaneli ya saba, bado.
Fundi, Gongo la Mboto

JIBU: Kaka, hata ukiweka kumi zitavuja, maana hiyo mistari mitatu umeipitisha hadi kwenye PUL. Kila hatua ya sindano ni tundu kwenye utando, na uzi wenyewe hubeba unyevu kuupeleka upande wa pili. Ukitaka mistari, ipige kwenye khanga na flaneli kabla kizuizi hakijaunganishwa. Zilizokwisha kushonwa fumua na ubadilishe kitambaa cha chini. Tundu la sindano kwenye utando halijizibi.

Waulize wateja panapovuja. Doa likifuata mstari wa mshono, ni hayo tuliyosema. Likitokea ubavuni, flaneli zako zimefika hadi kwenye mshono wa pembeni, nao unafyonza damu kuitoa nje. Acha nafasi ya nusu sentimita kila upande. Likitokea mbele au nyuma, pedi ni fupi au inahama. Kuhama mara nyingi kunatokana na upana: mpime mteja chupi pale inapopita katikati ya mapaja, kisha usogeze vifungo. Ikiwa mpya inavuja na baada ya kufuliwa mara tatu inaacha, wanga ulikuwa haujatoka.

Kabla ya kuuza, ijaribu moja: iweke juu ya karatasi ya chooni, mimina vijiko viwili vya chai vya maji taratibu katikati, kandamiza kwa kiganja dakika moja. Karatasi ibaki kavu.

Na rudi kwenye flaneli nne. Tabaka saba zilizoshonwa pamoja hazikauki katikati, hasa mji huu, na pedi isiyokauka ni mbaya kuliko inayovuja.

SWALI: Masika yakianza pedi zangu zinachukua siku mbili kukauka na zinanuka unyevu. Halafu nyumba ni ya kupanga, kamba ni moja ya wote, naona haya kuzianika.
Mpangaji, Manzese

JIBU: Dada, shona za kukunja. Pedi inagawanywa mara mbili. Ya kwanza ni ganda lenye mabawa: khanga na PUL tu, bila flaneli, na kila mwisho utepe uliokatiza juu ya khanga, umeshonwa ncha zake kwenye mshono wa pembeni. Ya pili ni kitambaa cha flaneli cha sm 22 kwa 24, kilichopindwa kingo. Ukikikunja mara nne kwa upana kinakuwa sm 6 kwa 22, unakichomeka chini ya tepe mbili. Siku za damu nyingi chomeka viwili.

Kikikunjuliwa ni tabaka moja, kinakauka haraka hata kukiwa na mawingu. Na kwenye kamba hakuna atakayejua ni nini. Ni kitambaa cha mkono kama vingine. Chagua rangi za kukolea. Ganda ni jembamba, linakauka nalo bila shida.

Usianike chini ya godoro wala ndani ya khanga nyingine kwa ajili ya kuficha. Unyevu uliofungiwa hulea fangasi. Jua likikosekana kabisa, piga pasi ya moto kile kitambaa cha flaneli hadi kikauke. Ganda usilipige hivyo, utando utayeyuka.

SWALI: Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, sabuni haitoi povu. Madoa hayatoki, na siku hizi pedi zinateleza maji badala ya kunyonya.
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Anza na maji baridi, daima. Maji ya moto hugandisha protini ya damu kwenye nyuzi na doa halitoki tena kirahisi. Suuza hadi maji yawe karibu meupe, paka sabuni ya mche, loweka saa chache, fikicha, suuza. Usiziache kwenye ndoo iliyofunikwa siku mbili, zitavunda. Doa sugu litie haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, ukikumbuka kwamba inaweza kufifisha rangi.

Kuteleza kunasababishwa na mabaki. Madini ya maji magumu huungana na sabuni na kuacha utando kwenye pamba. Suuza ya mwisho tumia maji ya mvua au ya bomba, au tia vijiko viwili vya siki nyeupe kwenye lita 5 za maji ya kisima. Dawa za kulainisha nguo zina madhara yaleyale, ziache. Klorini nayo huchosha pamba na kuharibu PUL.

SWALI: Mume wangu anasema tusihangaike kushona, kodi ikiondolewa pedi za dukani zitashuka bei.
Mama wa nyumbani, Ubungo

JIBU: VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya taulo za kike iliondolewa katika bajeti ya 2018/19 na ikarudishwa 2019/20, Serikali ikisema bei dukani haikushuka. Shona.

SWALI: Naweza kutumia velkro badala ya vifungo? Na pedi moja ivaliwe saa ngapi?
Mwanachuo, Sinza

JIBU: Velkro inakwaruza mapaja, inakusanya nyuzi kwenye ndoo, na ukiifungua chooni chuo kizima kinasikia. Kifungo cha kawaida na tanzi la uzi ni bora kuliko hiyo. Badilisha kila baada ya saa nne hadi sita, mapema zaidi ikilowa. Ya kwenda nayo chuoni iwe na mfuko mdogo wa PUL wa kubebea iliyotumika.