Kabla ya kujiandikisha kukimbia kwa ajili ya marehemu wazazi wako

Baba alifariki kwa saratani ya tezi dume, na mama akamfuata miaka miwili baadaye kwa saratani ya kongosho, ambayo mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshaenea. Miezi minne baada ya kumzika mama nilijiandikisha kukimbia marathoni ya hisani, ilhali sikuweza kukimbia hata kilomita tatu bila kusimama. Wafiwa wengi hujiandikisha namna hiyo, nami sioni ubaya, ila wapime kwanza muda walio nao, kwa kuwa ratiba nyingi za mazoezi za wiki 16 hadi 20 huandikwa kwa watu ambao tayari wana mazoea ya kukimbia.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuamini kwamba uchungu ungenibeba. Siku ya kumbukumbu ya kifo cha baba, ratiba ilitaka kilomita 12 za polepole. Nilikimbia 27, nikilia karibu njia nzima, na kesho yake sikuweza kukanyaga kwa maumivu ya muundi. Nilipoteza wiki tatu. Tangu hapo siku zote nzito, za vifo na za kuzaliwa, niliziweka kwenye kalenda kuwa za mapumziko au za kutembea tu. Wakati huo nilikuwa nikijiaibisha kwa mfano wa Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa sababu ya saratani ya mfupa, ambaye mwaka 1980 alikimbia siku 143 kuchangisha fedha za utafiti hadi ugonjwa ulipofika mapafuni. Ni mtu wa kuheshimiwa, lakini si kipimo cha kumhukumia mtu aliyepumzika Jumanne.

Suala la michango lilinisumbua kuliko mazoezi. Mashirika mengi ya hisani yanayotoa nafasi za kukimbia humtaka mkimbiaji aahidi kukusanya kiwango fulani. Kabla ya kutia saini, soma kinachotokea usipokifikia, na uulize fedha zinakwenda wapi, kwa kuwa utafiti, tiba shufaa (huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso) na misaada kwa familia za wagonjwa ni mambo tofauti. Mimi nilichagua tiba shufaa, kwa sababu wauguzi wake ndio waliomwezesha mama kupata usingizi katika wiki zake za mwisho. Ujumbe wangu wa kwanza wa kuomba michango ulieleza saratani kwa jumla, na karibu hakuna aliyejibu. Wa pili ulisimulia tu kwamba baba, ambaye hakupenda kuonekana mgonjwa, alivaa viatu vyake vya kazini kila alipokwenda kupigwa mionzi. Ndani ya siku mbili watu nisiowafahamu walinichangia, wakaniandikia na habari za wazazi wao. Jiandae kwa barua hizo, na usijilazimishe kuzijibu zote siku hiyo hiyo.

Siku ya mbio, katika kilomita 42.195, zile 12 za mwisho ni safari nyingine. Akiba ya wanga katika misuli huwa imepungua sana, miguu huwa mizito na, jambo ambalo sikuambiwa na mtu, machozi huja kirahisi. Kulia huvuruga pumzi, kwa hiyo tembea hadi pumzi irudi. Kula wanga mapema, kabla hujachoka, na unywe kwa kadiri ya kiu, kwani maji kupita kiasi hushusha sodiamu ya damu na yanaweza kuua. Fulana ya shirika uivae mazoezini kwanza. Mimi niliivaa mpya, ikanichubua makwapa.

Majina ya wazazi niliyaandika mgongoni, kwa kuwa sikutaka kuyaona kila nikiinamisha kichwa. Sikufikiria kwamba wanaokuja nyuma wangeyasoma. Karibu na kilomita ya 36, nikiwa natembea, nilisikia sauti nisiyoijua ikitamka jina la mama, kisha la baba, na mzee mmoja akanipita taratibu akiwa amenyoosha mkono kunionyesha kwamba tukimbie pamoja.