Rejesho la mkopo halimo kwenye hesabu ya faida ya nyumba

Ukijiuliza kama rejesho la mkopo wa benki linatolewa kwenye hesabu ya faida ya nyumba ya kupangisha, jibu ni hapana, huliingizi unapotafuta asilimia ya faida ya nyumba yenyewe, unachukua kodi ya mwaka anayolipa mpangaji unatoa gharama za kuiendesha (bima, matengenezo, kodi ya jengo ya serikali, msimamizi, na miezi itakayokaa tupu) kisha unagawanya kwa bei ya kununulia. Sababu ni kwamba mkopo ni wako sio wa nyumba, watu wawili wakinunua nyumba zinazofanana kabisa mmoja kwa keshi mwingine kwa mkopo, nyumba zote zinazalisha sawa tu.

Mfano nyumba ya 100,000, kodi 1,000 kwa mwezi. Dalali atakwambia ni 12% na wengi wanaishia hapo hapo. Toa mwezi mmoja bila mpangaji inabaki 11,000, toa gharama tuseme 3,500, unabaki na 7,500 yaani 7.5%. Mi nasimamia nyumba za watu na hizo gharama ndo kila mtu anazipunja kwenye makaratasi, hasa matengenezo.

Ila sasa kujua kama wewe mfukoni utapata kitu, hapo ndo rejesho linaingia. Umetoa 30,000 zako nyingine ukakopa, benki unailipa 6,300 kwa mwaka, kwenye ile 7,500 unabakiwa na 1,200 ambayo ni 4% ya hela yako. Nyumba ile ile. Na riba ikiwa ya kupanda na kushuka hiyo 1,200 inaweza kuyeyuka yote, kwahiyo fanya hesabu zote mbili kabla hujasaini.