Bustani ya mtaa kwenye eneo la wazi: anzeni na wanaolitumia

Watu wanaopita kwenye bustani yetu ya mtaa, upande huu wa Temeke, huniuliza kwanza habari za mbegu na mbolea. Nawajibu, kisha nawarudisha kwenye jambo ambalo naamini ndilo linaloamua kama bustani itadumu au itang'olewa. Eneo la wazi lililotelekezwa lina wenyewe. Hawana karatasi, lakini wapo, na kila mmoja ana shughuli yake pale. Ukiingia na jembe bila kuwajua, umewafukuza, na mtu uliyemfukuza hatakulindia mchicha.

Eneo letu lilichorwa kwenye ramani ya mipango miji kuwa bustani ya mapumziko. Bembea zilibaki nguzo tupu, mabenchi ya zege yalivunjika, nyasi zikapanda hadi kiunoni na kona ya nyuma ikageuka jalala. Kila uliyemuuliza alikwambia halitumiki. Tulipoanza kwenda kukaa pale kwa saa tofauti, siku za kazi na siku za mapumziko, tuliona mengine kabisa. Alfajiri wanafunzi hukatisha katikati ili kuwahi daladala. Mchana madereva wa bodaboda hupumzika chini ya mkungu. Kuna mama aliyekuwa akikaanga mihogo pembeni, na jioni watoto walicheza mpira kwenye sehemu iliyo tambarare. Chukueni daftari, mwandike nani anapita wapi na saa ngapi. Hiyo ndiyo ramani yenu ya kwanza, na ina uzito kuliko mchoro wowote wa matuta.

Swali zito kuliko yote lilitoka kwa mzee mmoja kwenye mkutano wa mtaa. Sisi tulikuwa tukizungumza habari za mboga na afya za watoto, yeye akasimama akauliza, "Misiba tutaweka wapi, wanangu?" Ukumbi mzima ulikaa kimya. Nyumba zetu zimebanana, na mtu akifariki, turubai hufungwa palepale kwenye eneo la wazi, viti vinapangwa na sufuria za pilau na maharage zinainjikwa. Harusi vilevile. Laiti tungelima eneo lote, siku ya msiba wa kwanza tungelazimika kuchagua kati ya maiti na mchicha, na kila mtu anajua kipi kingekanyagwa. Tukamjibu kwa kubadili mpango mzima: katikati pameachwa wazi, uwanja wa watoto haukuguswa, matuta yako pembezoni, na njia kuu ni pana kiasi cha kupitisha jeneza au gari la maji. Tunachokilima ni chini ya nusu ya eneo. Wengine wanaona tumepoteza ardhi. Mimi naona ndiyo sababu bado tupo.

Kuhusu ruhusa, usitosheke na maneno ya mdomo ya mwenyekiti wa mtaa, hata kama ni mtu mwema na mnasalimiana kila siku. Viongozi wa mtaa huchaguliwa, na waliochaguliwa hubadilika. Anzeni kwake na kwa mtendaji, ombeni mkutano wa wakazi, hakikisheni muhtasari unaandikwa na orodha ya mahudhurio inasainiwa, kisha muupeleke kwenye ofisi ya mipango miji ya manispaa pamoja na barua. Ofisini ombeni kuonyeshwa ramani ya eneo, maana mara nyingine kile mnachokiita eneo la wazi kimeandikwa kuwa hifadhi ya barabara au njia ya bomba. Na kama kuna mto au bonde jirani, kumbukeni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Kwenye barua msiombe kupewa ardhi. Ombeni kulitunza na kulitumia eneo huku likibaki mali ya umma, na andikeni hivyo waziwazi. Ukiomba umiliki utawashtua maofisa, utawatia shaka majirani, na utafungua mlango kwa mwenye fedha nyingi kuliko wewe naye aombe.

Hapo linaingia suala la miti. Katika pwani yetu, tangu zamani, mti wa kudumu ni ushahidi. Mtu aliyepanda mnazi au mwembe ana la kusema mbele ya wazee, na watoto wake baada yake wana la kusema pia. Kwa hiyo tuliweka sharti kwamba mtu binafsi anapanda mazao ya muda mfupi tu: mchicha, matembele, bamia, mnafu, nyanya chungu. Mti wowote wa kudumu unapandwa na kikundi, unaandikwa kwenye daftari la mtaa kuwa ni wa wote, na matunda yake ni ya anayepita. Kuna bwana alileta miche yake ya miembe kwa moyo mweupe kabisa, na ilibidi tumweleze kwa heshima kwamba tutaipokea kwa utaratibu huo. Aliafiki. Msiuone utaratibu huu kuwa uchoyo. Unazuia ugomvi wa miaka mingi ijayo.

Sasa udongo. Eneo lililotelekezwa mjini limekuwa likipokea kila kitu: betri, oili chafu ya gereji, majivu ya plastiki, rangi, vioo. Risasi, ile metali yenye sumu, ikishaingia ardhini haiozi wala haiondoki kwa mvua, inakaa miongo mingi, na watoto ndio inaowadhuru zaidi, ubongo wao ukiwa bado unakua. Mboga za majani na mazao ya mizizi huibeba kuliko mazao tunayokula tunda lake kama bamia au biringanya. Ulizeni wazee na mafundi nini kilifanyika wapi. Kwetu, sehemu iliyokuwa ikitengenezewa magari na kona ya jalala hatukupanda chakula kabisa. Tuliweka maua na vivuli. Kwingine tulijenga matuta ya kuinuka kwa matofali yaliyobaki, tukajaza udongo wa kuletwa uliochanganywa na samadi na mboji. Wasio na matofali watumie viroba. Mkiweza, pelekeni sampuli zikapimwe. Maabara ya udongo zipo Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Tanga. Waelezeni kwamba mnataka kujua habari za metali nzito kama risasi, kwa sababu kipimo cha kawaida cha rutuba hakitawaambia hilo.

Maji ndiyo gharama itakayowasumbua. Mchicha haungoji, na kiangazi cha Dar es Salaam hakina huruma. Maji ya mito ya mjini msiyaguse, hata kama wengine wanalimia. Mto kama Msimbazi unapokea majitaka ya viwandani na ya majumbani, na mboga inayoliwa baada ya kuivishwa kidogo itawaletea maradhi. Visima vya karibu na bahari vingi vina chumvi, kwa hiyo onjeni kabla ya kukubaliana bei. Sisi tulipata nafuu kwa majirani zetu wa msikitini, waliokubali maji ya udhu yaelekezwe kwa mfereji mdogo hadi kwenye migomba. Mboga zinamwagiliwa kwa bomba la jirani mwenye mita, na bili tunachangia. Asubuhi na mapema au jua likishapoa. Maji ya saa saba ni kumwagilia hewa.

Zao la kwanza liwe mchicha. Si kwa sababu ya faida, maana bei yake sokoni ni ndogo. Ni kwa sababu ndani ya wiki tatu au nne watu wanaona kitu kimechumwa na kuliwa, na wale waliokuwa wakisema "hawa nao wataishia njiani" wanapita kuuliza kama kuna tuta limebaki. Changanyeni mbegu na mchanga mkavu kabla ya kuzisia, la sivyo zitaota kwa mafungu. Matembele yafuate, vipando mtapewa bure na mtu yeyote anayelima.

Kando ya njia tulipanda matembele na mchaichai kwa ajili ya wapita njia, wachume bila kuomba. Kulikuwa na mjadala mkali kuhusu uzio na kufuli, na mimi nilisimama upande wa kutofunga. Geti likishafungwa, eneo la wazi limekuwa shamba la watu fulani, na bodaboda, watoto na yule mama wa mihogo wamebaki nje. Wizi upo, ni kweli. Ila umepungua tangu wanaokaa pale kutwa waanze kuwa na tuta lao.

Fedha zinazopatikana kwa kuuza ziada ziende kwanza kwenye bili ya maji, na hesabu zisomwe kwa sauti mbele ya watu, zibandikwe na ubaoni. Kuna mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni haki yenu kuiomba mkishasajili kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii. Maoni yangu ni msiianzie. Deni hulazimisha bustani izalishe fedha, na bustani inayolazimishwa kuzalisha fedha huanza kumega uwanja wa watoto.

Siku moja atakuja mtu na futi ya kupimia, akitaka kujenga. Mwaka 1989 Nairobi ilipangwa kujengwa jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya umma ya Uhuru Park, na mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai akasimama kupinga huku akitukanwa bungeni na magazetini. Jengo halikujengwa. Bustani ile ilikuwa na watu walioihesabu kuwa yao, ndiyo maana sauti yake haikubaki peke yake. Kwa hiyo wekeni kibao kinachosomeka kwa mbali kwamba hapa ni eneo la wazi, mali ya umma. Pigeni picha kila msimu. Nakala za barua na muhtasari zikae kwa watu zaidi ya wawili, wasiwe wa nyumba moja wala chama kimoja.

Kama mnataka kuanza mwaka huu, mikutano na barua zifanyike wakati wa kiangazi, taka ziondolewe na matuta yajengwe kabla Septemba haijaisha. Vuli ikianza Oktoba iwakute na samadi iliyokwisha kuoza na mbegu mkononi.